MGENI WA KAZI YA SIKU CHACHE: KIBALI CHAKE NA HAKI YETU

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja wa reli mbele ya wafanya kazi, Mbaraki, Mombasa)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo limekuwa likizungumzwa sana langoni, katika karakana na kwenye vibanda vya chai. Nalo ni hili: mbona wageni wengine hufanya kazi katika nchi yetu bila kibali cha kazi, na hakuna anayewauliza? Wako wanachama waliosema kwamba tukimwona mgeni ameshika spana, twende tukamzuie langoni. Wako wengine waliosema hayo si mambo ya chama, ni mambo ya Serikali peke yake. Mimi nasema pande zote mbili zimekwenda haraka. Mtu hawezi kudai haki yake kwa sheria asiyoijua. Basi kwanza tuijue sheria, kisha tuone inatugusa wapi, kisha tuseme la kufanya.

Sheria yenyewe ni ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, pamoja na kanuni zake za mwaka 2012. Iliichukua nafasi ya ile Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1967, ambayo baada ya Uhuru iliwataka wasio raia wawe na vibali ili wakae na kufanya kazi. Neno la msingi ni moja tu. Mtu asiye raia wa Kenya haruhusiwi kukaa wala kufanya kazi hapa isipokuwa ana kibali au pasi inayomruhusu. Kibali cha mtu aliyeajiriwa huitwa kibali cha daraja la D. Hutolewa kwa ajili ya mwajiri fulani na kazi fulani. Mgeni mwenye kibali cha kuwa mhandisi kwa kampuni moja hana ruhusa ya kwenda kuwa karani kwa kampuni nyingine.

Kibali hiki si kitu cha kuchukuliwa dukani. Mwajiri lazima aeleze kwamba ujuzi anaoutafuta haupatikani hapa nchini. Tena huulizwa ni Mkenya gani atakayewekwa pamoja na mgeni huyo ili ajifunze kazi na kuishika baadaye. Ndugu zangu, shikeni neno hilo la mwisho, maana nitalirudia.

Sasa, ni nani ambao hawahitaji kibali hicho? Nitawataja kwa mafungu.

Fungu la kwanza ni mabalozi na watumishi wao wa kibalozi. Hao wana taratibu zao za kimataifa, nasi hatukutani nao kazini. Tuwaache.

Fungu la pili ni mabaharia. Ninyi mnaofanya kazi karibu na mkondo huu wa Mbaraki mwawaona kila siku. Meli yaingia, ina nahodha wa nchi moja, mafundi wa nchi ya pili, na mabaharia wa nchi ya tatu. Hakuna hata mmoja mwenye kibali cha kazi cha Kenya, wala hawavunji sheria. Kazi yao iko ndani ya meli. Wakishuka pwani kwa ruhusa ya maofisa wa Uhamiaji, wanashuka kununua sabuni, kuswali, kwenda kanisani au kupumzika, kisha hurudi chomboni. Jambo hili ni la zamani sana Mombasa. Majahazi ya Uarabuni, ya Ghuba na ya Bara Hindi yalikuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi, na watu wake wakikaa miezi mizima katika mji wa kale wakingoja upepo ugeuke. Hakuna aliyesema wamekuja kunyang'anya kazi ya mtu, kwa kuwa kazi yao ilikuwa jahazi lao.

Lakini hapo pana mpaka. Baharia hahitaji kibali kwa kazi ya meli. Akiambiwa na bwana wake afanye kazi ya makuli, kama kuyafunga na kuyafungua makontena ili mwenye meli asiwalipe watu wa bandari, hapo ametolewa katika kazi yake na kutiwa katika kazi ya mwingine. Vyama vya mabaharia na vya watu wa bandari duniani vilikubaliana na wenye meli juu ya jambo hili, na tangu Januari 2020 mikataba yao ina kifungu chenye nguvu zaidi kinachosema kazi hiyo ni ya watu wa bandari pale wanapopatikana. Angalieni vizuri: kifungu hicho humlinda baharia pia, maana baharia aliyechoka na safari, akipandishwa juu ya makontena usiku, ndiye anayeanguka.

Fungu la tatu ni mgeni aliyekuja kwa shughuli bila kuajiriwa. Mfano ni mtu aliyekuja kwenye mkutano, au kutazama mzigo wake, au kuzungumza bei na wateja. Huyo huingia kama mgeni wa kutembelea. Tangu Januari 2024 Kenya iliacha utaratibu wa viza na kuweka idhini ya kusafiri inayoombwa kwa mtandao kabla ya safari. Wengi wamekosea hapa. Idhini hiyo ni ya kuingia nchini tu. Haimpi mtu ruhusa ya kuajiriwa. Mwenye pasi ya kutembelea akivaa ovaroli na kuingia chini ya injini, ameacha kutembelea na ameanza kazi.

Fungu la nne ndilo lenye maneno mengi. Huyu ni fundi au mtaalamu aliyeletwa kwa kazi maalumu ya muda mfupi: kuunganisha mtambo mpya, kutengeneza kreni iliyokufa, kukagua mashine, kufundisha watu namna ya kuitumia. Mwajiri hana haja ya kumwombea kibali cha miaka. Humwombea pasi maalumu. Pasi hii ni ya muda mfupi, na kwa jumla haizidi miezi 6. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Fundi yule hana kibali," huenda asema kweli, na fundi yule asiwe na kosa lo lote, kwa sababu ana pasi maalumu. Lakini mtu akikuambia, "Fundi yule ni wa muda mfupi, hahitaji karatasi yo yote," huyo anakudanganya. Muda mfupi humwondolea mtu kibali kirefu, lakini ruhusa bado lazima awe nayo.

Fungu la tano ni ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi Julai 2010. Kwa kanuni zake, raia wa nchi mwanachama aliyepata kazi isiyozidi siku 90 katika nchi nyingine hupewa pasi maalumu. Mkataba wake ukizidi siku 90, yampasa aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kufanya mkataba huo. Si kila kazi iliyofunguliwa, kwani kila nchi iliandika orodha ya kazi zake. Lakini Kenya, Uganda na Rwanda zimeondoleana ada ya kibali, na hilo ni jambo jema.

Hayo ni ya sheria yetu. Katika sheria za dunia pia neno hili lipo. Mkataba namba 143 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1975, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1979, wazungumza juu ya wafanya kazi wahamiaji. Sehemu yake ya pili yawatenga watu fulani: wanaovuka mpaka kila siku, wasanii na wataalamu waliokuja kwa muda mfupi, mabaharia, wanafunzi wa kazi, na wale walioletwa na mwajiri kwa kazi maalumu yenye muda uliowekwa, ambao kazi ikiisha lazima waondoke. Tazameni masharti ya fungu hilo la mwisho. Kazi iwe imetajwa. Muda uwe umewekwa. Mwisho wake uwe ni kuondoka. Masharti hayo yakikosekana, mtu huyo si mgeni wa muda mfupi tena. Ni mfanya kazi kama wengine, na ahesabiwe hivyo.

Sasa nitasema mahali kiatu kinapobana.

Katika karakana moja niliyopata kufanya kazi kulikuwa na mashine ya kuchonga magurudumu ya mabehewa. Mashine ilipoharibika, mwajiri alimleta fundi kutoka ng'ambo kwa wiki 6. Alikuwa mtu mzuri, mwenye adabu, na kazi aliijua. Lakini sisi tulipewa kazi ya kumshikia taa na kumpelekea matambara. Sanduku lenye vitabu vya mashine lilifungwa kwa kufuli. Wiki 6 zilipokwisha alikwenda zake, akaja mwingine. Miezi ilipokwisha akaja wa tatu. Watu walibadilika, kazi ilikuwa ile ile. Kwa karatasi kila mmoja alikuwa wa muda mfupi. Kwa kweli kazi yenyewe ilikuwa ya kudumu, na haikuwa na mwenyewe. Siku mashine iliposimama kati ya fundi mmoja na mwingine, magurudumu yalirundikana, mabehewa yakakaa, na vibarua waliokuwa wakifanya kazi hapo waliambiwa warudi nyumbani mpaka waitwe. Watu wale walikosa posho ya watoto wao kwa sababu ya kufuli ya sanduku.

Wakati huo kulikuwa na maneno makali. Wengine walitaka fundi wa tatu afungiwe lango. Wajumbe wetu hawakukubali. Walikwenda kwa meneja na maneno mawili tu: kwanza, tuonyeshwe kazi ya mgeni huyu imeandikwa nini na itakwisha lini, pili, mafundi wetu wawili wawekwe naye tangu asubuhi hadi jioni, na sanduku lifunguliwe. Meneja alivuta, wajumbe wakarudi. Walirudi mara tatu. Mwisho mafundi wawili waliwekwa. Na yule mgeni mwenyewe alifurahi, kwa sababu alikuwa amechoka kufanya kazi ya watu watatu. Alipoondoka, mashine ilibaki na wenyewe. Vibarua hawakurudishwa nyumbani tena kwa sababu hiyo.

Ndugu zangu, nawaeleza hayo ili mwone kwamba adui hakuwa yule fundi. Angalikuwa adui, tungalimfukuza na mashine ingalibaki imekufa. Udhia ulikuwa katika namna ya kumtumia.

Tena sisi watu wa reli ndio wa mwisho kuruhusiwa kusahau historia hii. Reli hii ilianzwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Ilijengwa na wageni wa mkataba. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kwa mikataba ya miaka 3. Karibu 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na wanyama. Wengi walirudi kwao, na karibu 6,700 walibaki. Watu wale hawakuulizwa wanataka nini, wala waliokuwa wenyeji hawakuulizwa. Mwenye kujenga aliwatafuta watu waliokuwa mbali na kwao, wasio na mtu wa kuwatetea, akawatumia.

Na wazee wetu nao walijua maana ya karatasi. Baada ya vita vya kwanza Mwafrika mwanamume alilazimishwa kuchukua kipande, akakivaa shingoni ndani ya kibweta cha bati, kimeandikwa tajiri wake ni nani na mshahara wake ni kiasi gani. Askari akimkuta hana, alikuwa mkosaji katika nchi yake mwenyewe. Wajukuu wa watu waliovaa kipande wasiwe wepesi wa kusimama langoni na kumwambia mtu, "Lete karatasi!" Kazi ya kukagua karatasi ni ya ofisa wa Uhamiaji. Kazi ya chama ni kumwuliza mwajiri.

Kisha tukumbuke sisi wenyewe tulikuwa wageni wa nani. Katika zamani za Reli ya Afrika Mashariki, mfanya kazi wa Mombasa aliweza kupelekwa Tabora, Kampala au Dar es Salaam, na mtu wa Uganda akaja kufanya kazi hapa. Shirika lilikuwa moja na mshahara ulitoka mfuko mmoja. Mwaka 1970 Wakenya kwa maelfu waliondolewa kazini Uganda, wakarudi na mabunda yao. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na reli ikagawanywa vipande. Familia zilihama na watoto walibadilisha shule. Wako wazee katika mtaa huu wawezao kuwasimulia. Na leo vijana wetu wa Likoni, Kisauni na mji wa kale wako katika meli za watu na katika nchi za Ghuba. Tunalotaka wao watendewe huko, na sisi tulitende hapa.

Basi mgeni wa muda mfupi ana haki gani hapa? Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 2010 yasema kila mtu ana haki ya kutendewa kwa uadilifu katika kazi, na kila mfanya kazi ana haki ya ujira wa haki, mazingira yafaayo, kujiunga na chama na kugoma. Haikusema "kila raia"; imesema "kila mfanya kazi". Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza ubaguzi, na yataka mfanya kazi mhamiaji aliye nchini kwa halali apewe nafasi sawa. Yasema pia kazi ya thamani sawa ilipwe sawa. Sheria ya fidia ya ajali za kazini ya mwaka 2007 humtazama aliyeumia kazini. Haimtazami amezaliwa wapi.

Msidhani haki hizo za mgeni ni mzigo kwetu. Ni ukuta wetu. Mwajiri akiweza kumlipa mgeni kidogo, kumfanyisha saa 14, na kumpakia ndege akiumia, kesho atamtafuta mgeni huyo badala yako. Lakini mgeni akigharimu haki ile ile, hataletwa ila kwa ujuzi ambao kweli haupo. Hapo kibali na pasi vitafanya kazi iliyokusudiwa.

Kwa upande wa mwajiri sheria iko wazi. Amekatazwa kumwajiri mgeni asiye na ruhusa, au kumpa kazi tofauti na ile iliyoruhusiwa. Na mgeni afanyaye kazi bila ruhusa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mara nyingi mgeni mwenyewe hajui. Ameambiwa na kampuni yake, "Panda ndege, mambo ya karatasi yako tayari." Yeye ndiye anayelala rumande, na aliyemleta yuko ofisini. Hiyo ni sababu nyingine ya chama kuuliza mapema.

Sasa nawaomba tukubaliane mambo matano.

1. Mgeni akiletwa, mjumbe wa mahali pale amwulize meneja kwa barua, si kwa mdomo: kazi gani, kwa muda gani, chini ya mwajiri gani, na kwa ruhusa ya namna gani. Nakala ya barua iwekwe katika jalada la tawi.

2. Muda uandikwe katika daftari la mjumbe. Siku ikipita na mtu yuko, tuulize tena. Watu wakibadilishwa katika kazi ile ile, tuiite kazi hiyo kwa jina lake: ni nafasi ya kudumu, itangazwe na wenyeji waombe.

3. Kila mgeni wa ujuzi afanye kazi na mafundi wetu wawili waliotajwa kwa majina. Kwa kibali cha miaka sheria yenyewe yauliza nani atajifunza. Kwa mgeni wa wiki chache tusingoje kuulizwa. Tulidai wenyewe katika mkataba wetu na mwajiri. Ujuzi hufundishika. Treni ya Madaraka Express ilipozinduliwa hapa Mombasa tarehe 31 Mei 2017, madereva wanawake Wakenya waliofunzwa Uchina walikuwamo katika kichwa cha treni. Aliyesema Mkenya hawezi hakuwa na jibu siku hiyo.

4. Mgeni aliyeumia, asiyelipwa, au aliyenyang'anywa pasipoti yake na mwajiri, mjumbe amsikilize na kulipeleka neno lake mbele kama la mwanachama. Kama ni baharia, apelekwe kwa watu wa chama cha mabaharia, wanaojua mikataba ya meli.

5. Asiwepo mwanachama wa kumtukana mgeni, kumzuia njiani au kumgusa. Mwenye shaka alete shaka yake kwa tawi. Tukianza kuwapiga wafanya kazi wenzetu langoni, mwajiri atakaa dirishani akitutazama, naye atakuwa ameshinda bila kuinua mkono.

Ndugu zangu, wako watakaoniambia njia hii ni ya polepole. Ni kweli. Kuandika barua tatu si tamu kama kupiga kelele mara moja. Lakini mashine ile ya magurudumu haikufunguliwa kwa kelele. Ilifunguliwa na wajumbe waliorudi mara ya pili na ya tatu, wakiwa na tarehe zao na majina yao katika daftari.

Naomba barua ya kwanza iandikwe wiki hii, na kila idara imtaje mjumbe wake wa kushika daftari kabla hatujaondoka hapa.

 Umoja na udumu.